Kadi ya Kliniki Bado Ina Kazi

Mama mpendwa, kabla hujaendelea kusoma, jiulize swali moja. Kadi ya kliniki ya mtoto wako wa kwanza iko wapi leo? Je, imo sandukuni pamoja na cheti cha kuzaliwa, au ilipotea siku mlipohama nyumba? Wengi wetu tukishaona mtoto ameanza darasa la kwanza, tunaiona kadi ile kuwa karatasi iliyomaliza kazi. Sisi nasi tulidhani hivyo, ingawa kwa miaka mingi kazi yetu imekuwa kuzijaza kadi hizo katika kliniki ya mama na mtoto. Wahenga walisema mganga hajigangi, nasi tumelionja neno hilo.

Mwaka 2025 binti yetu, aliyezaliwa Machi 2006, alipata nafasi ya kusoma katika chuo kikuu kimoja katika jimbo la New York, Marekani, pamoja na ufadhili wa sehemu kubwa ya ada. Furaha ilijaa nyumbani. Baba yake alihangaikia fedha zilizobaki, binti akahangaikia pasipoti na viza, nasi tukahangaikia masweta. Katika bahasha ya chuo ilikuwamo fomu ya afya ya kurasa mbili. Tuliitazama mara moja tukaiweka kando. Chanjo? Mtoto wa muuguzi atakosaje chanjo!

Viza ilipotoka tuliona safari imekamilika. Hapo ndipo wazazi wengi hujikwaa. Ubalozi wa Marekani haudai kadi ya chanjo kwa anayeomba viza ya mwanafunzi. Chuo ndicho kinachodai, na jimbo ndilo lenye sheria. Mtu aweza kuwa na viza na tiketi mkononi, kisha akafika na kuzuiwa kujiandikisha kwa masomo.

JIBU LILILOTUSHTUA

Mwanzoni mwa Julai tulijaza fomu, tukaambatanisha kadi ya kliniki, tukaituma. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: kwa upande wa surua, mwanafunzi huyu anahesabiwa hana chanjo hata moja inayokubalika. Masomo yalikuwa yaanze mwisho wa Agosti. Asiyekamilisha hataandikishwa, na asiyeandikishwa hawezi kupokea ufadhili.

Tuliisoma barua ile mara tatu. Kadi ilionyesha wazi: surua, miezi 9, tarehe na sahihi. Binti yetu alituuliza kwa upole, “Mama, kwani hukunichanja?” Swali hilo lilituchoma kuliko barua.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyekosea. Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake, nayo hupungua kidogo kidogo. Kinga hiyo ikiwa bado ina nguvu, yaweza kuizuia chanjo isifanye kazi sawasawa. Katika nchi ambako surua huwashambulia watoto wachanga, hatuwezi kungoja. Kwa hiyo tunachanja akifika miezi 9, kisha dozi ya pili hufuata baadaye. Marekani, ambako hatari kwa wachanga ni ndogo, wao hungoja mpaka mtoto atimize mwaka mmoja. Kwa sababu hiyo vyuo vyao havihesabu dozi iliyotolewa kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Sheria ya jimbo la New York inamtaka mwanafunzi wa chuo aliyezaliwa tangu mwaka 1957 awe na dozi mbili za surua, zilizopishana angalau siku 28, pamoja na dozi moja ya matumbwitumbwi na moja ya rubela.

Dozi ya pili ya surua iliingia katika ratiba ya kawaida ya Tanzania mwaka 2014, binti yetu akiwa na miaka minane. Oktoba mwaka huohuo ilifanyika kampeni ya nchi nzima ya chanjo ya surua na rubela kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Binti yetu alichanjwa shuleni kwake. Dozi hiyo ingekubalika kabisa. Lakini kikaratasi alichopewa kiko wapi? Siku ile sisi tulikuwa katika shule nyingine tukichanja watoto wa wenzetu, tukiwahimiza wakapeleke vikaratasi nyumbani kwa mama zao. Cha kwetu hatukukiulizia.

SIKU 28 HAZIPUNGUZWI

Wazazi wawili tulikaa mezani na kalenda. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kupima damu ili kuona kama mwili una kinga ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Vyuo vingi hukubali majibu ya maabara. Lakini chanjo ya matumbwitumbwi haimo katika ratiba ya kliniki zetu za serikali, na hatukuwa na hakika kwamba kipimo kingeonyesha kinga yake. Njia ya pili ni kuanza upya: dozi mbili za chanjo ya pamoja ya magonjwa hayo matatu. Chanjo hiyo ilitubidi kuitafuta Dar es Salaam katika kituo cha binafsi na kuilipia.

Wenzetu wengine waliuliza, je, si hatari kumchanja tena mtu aliyekwisha kuchanjwa? La. Aliye na kinga tayari hadhuriki kwa dozi ya nyongeza.

Dozi ya kwanza alichomwa tarehe 7 Julai. Ya pili haikuweza kutangulia tarehe 4 Agosti, hata kama ungekuwa na fedha za kununua hospitali nzima. Mwili una kalenda yake. Binti alitakiwa kusafiri tarehe 16 Agosti. Tulibakiwa na siku 12 tu, na kama angeshikwa na homa kali au dawa ingekosekana, tungekwama.

Tulikuwa tumechelewa miezi mitatu kwa sababu ya kiburi. Tunalisema wazi ili wewe usirudie.

MKONO ULIOVIMBA

Siku ileile ya dozi ya kwanza alifanyiwa kipimo cha kifua kikuu cha ngozi, kwa kuwa chuo kiliwadai wanafunzi wote wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo kwa wingi. Kipimo hiki hufanywa siku moja na chanjo ya surua, ama husubiri wiki nne hadi sita, kwa maana chanjo hiyo yaweza kulificha jibu kwa muda. Majibu husomwa baada ya saa 48 hadi 72.

Mkono ulivimba milimita 14. Habari ilitoka nje ya nyumba, hatujui kwa mdomo gani. Jumapili iliyofuata jirani mmoja alimsogeza mtoto wake mbali na binti yetu kwenye benchi. Binti aliona. Usiku alilia, akasema afadhali safari ivunjike.

Akina mama, tuelewe jambo hili vizuri. Watoto wetu hupewa chanjo ya BCG wanapozaliwa, ile inayoacha alama kwenye bega. BCG yaweza kuufanya mkono uvimbe katika kipimo cha ngozi hata kama hakuna ugonjwa. Tena, mtu aweza kuwa na vijidudu vilivyolala mwilini bila kuugua na bila kumwambukiza mtu yeyote. Huyo hupewa dawa za kinga, naye huendelea na maisha yake. Mkono kuvimba si hukumu, bali ni sababu ya kuendelea na uchunguzi.

Binti yetu alipigwa picha ya kifua, nayo ilikuwa safi. Tarehe 4 Agosti, siku ya dozi ya pili, alitolewa damu kwa kipimo kingine ambacho hakichanganywi na BCG. Majibu yalisema hana maambukizi. Kama tungelijua mapema, tungeliomba kipimo hicho cha damu tangu mwanzo, naye angeliepushwa na machozi yale.

YALIYOULIZWA KWENYE KIKUNDI

Tulipolieleza jambo hili katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, maswali yalikuwa mengi. Haya ndiyo makubwa.

Mama mmoja alisema, “Nesi, mtoto wangu tumemwombea, kwa nini tena sindano nyingi?” Tulimjibu kwamba sisi pia tuliomba, na tungali tunaomba. Lakini anayemwombea mtoto asafiri salama bado humfungia mkoba na kumpa nauli.

Mwingine alinong'ona kwamba sindano za ukubwani hufunga kizazi. Si kweli. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela haizuii mimba. Tena rubela ndiyo inayomtisha mama mjamzito, kwa maana humpata mtoto tumboni, akazaliwa na upofu, uziwi au moyo wenye kasoro. Anayemchanja binti leo anamkinga mjukuu wa kesho. Lakini chanjo hii haitolewi kwa aliye mjamzito, na baada ya kuchanjwa inafaa kungoja mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Kwa hiyo muuguzi atamwuliza binti maswali ya siri. Mama, toka nje kidogo umwache ajibu kwa uhuru. Usimlazimishe kuchagua kati ya kusema kweli na kukuheshimu wewe.

Vivyo hivyo kwa kijana anayeishi na virusi vya UKIMWI. Asikatae safari, wala asifiche hali yake kwa daktari. Daktari atapima nguvu ya kinga yake na kuamua chanjo zipi apewe.

Wa tatu aliuliza, “Marekani kuna surua gani hata watusumbue?” Ipo. Kati ya 1989 na 1991 surua iliwapata watu zaidi ya 55,000 nchini humo na kuwaua zaidi ya 120. Mwaka 1989 ndipo walipoanza kusisitiza dozi mbili. Mwaka 2000 walitangaza kwamba ugonjwa huo hauenei tena kwao mfululizo, lakini mwaka 2025 walipata wagonjwa zaidi ya 1,500, wengi wao wakiwa hawakuchanjwa. Mabwenini vijana hulala, hula na kusoma pamoja, na surua huenea kwa hewa. Hii ndiyo sababu ya sheria, wala haikuwekwa ili kuwaonea wageni.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Anza miezi sita kabla ya safari. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hudaiwa hasa kwa wanaosomea uuguzi na udaktari, kwa kawaida huchukua miezi sita kwa dozi zake tatu.

Soma fomu ya chuo chenyewe. Masharti hayafanani. Katika jimbo la Texas mwanafunzi mpya aliye chini ya miaka 22 hudaiwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, aliyochomwa ndani ya miaka mitano na angalau siku 10 kabla ya muhula kuanza. Vyuo vingine huuliza pepopunda ya miaka 10 iliyopita, au tetekuwanga. Uingereza ni kinyume: Mtanzania anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu kabla ya kuomba viza, katika kituo kilichoidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi sita.

Uliza kuhusu homa ya manjano, kwa ajili ya nchi aendayo na nchi ambamo ndege itapitia. Chanjo hii na ile ya surua hutolewa siku moja, ama zipishane siku 28. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote.

Andika mwezi kwa maneno. Sisi tuliandika dozi ya pili 04/08. Wamarekani hutanguliza mwezi, nao wakaisoma kuwa 8 Aprili, yaani kabla ya dozi ya kwanza! Siku tatu zilipotea kwa kuandikiana barua.

Hakikisha jina kwenye kadi linafanana na la pasipoti, na kila chanjo ina tarehe, sahihi na mhuri. Kadi ya Kiswahili itafsiriwe Kiingereza. Toa nakala tatu: moja mkobani mwake, moja nyumbani, moja kwenye simu.

Kama kadi imepotea, nenda kwenye kituo alikochanjwa, maana huenda rejista ipo. Isipopatikana, usimwombe muuguzi akuandikie tarehe za kubuni. Tumewahi kuombwa hivyo, na mwombaji alikuwa rafiki. Tulikataa. Kadi ya uongo haimkingi mtoto na ugonjwa, tena ikigunduliwa humharibia jina ugenini.

Binti yetu aliondoka tarehe 16 Agosti, siku tano baada ya chuo kuandika kwamba fomu yake imekamilika. Uwanja wa ndege tulimshika mkono, tukaomba, tukamwachia. Alipopita mlangoni aligeuka akainua bahasha yake ya plastiki, ile yenye kadi ya kliniki yenye doa la chai, akatabasamu.

Basi, mama, jioni ya leo lifungue lile sanduku. Kama kadi ipo, ifute vumbi na uitunze. Kama una mtoto mchanga mgongoni, ya kwake usiitumie kuwashia jiko. Miaka 18 si mingi kama tunavyodhani.