Vibao vya majina vinavyodumu shambani



Mwaka juzi, mvua za kwanza ziliponyesha, tulipanda mihogo nyuma ya kanisa: mitamu upande wa barabara, michungu upande wa kijito. Majina niliandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino mzito juu ya vibao vya mbao. Kabla mvua hazijaisha, jua lilikuwa limefuta maandishi na mchwa wamekula vijiti. Kiangazi kilichofuata mama mmoja alichimba mstari aliodhani ni wa mitamu, akawachemshia watoto. Wawili walitapika na kushikwa na kizunguzungu, tukalala nao kwenye kituo cha afya. Walipona, Mungu ashukuriwe. Lakini mama hakuwa na kosa. Kibao kilikuwa changu.

Ninyi mnaokula bukari ya muhogo kila siku mnajua: kwa macho, shina la muhogo mchungu na la mtamu huweza kufanana sana. Mtamu unamenywa na kuchemshwa tu. Mchungu una sumu ya sianidi nyingi zaidi, ndiyo maana mama zetu huuloweka siku tatu au nne, wauanike, ndipo wautwange. Anayekula kwa wiki nyingi muhogo usiolowekwa vizuri, bila mboga ya maharagwe, samaki wala nyama, anaweza kupata konzo, kupooza miguu kwa ghafla. Ugonjwa huo madaktari waliueleza kule Kwango, katika nchi yetu hii, mwaka 1938.

Basi nilitafuta kibao kisichosahau. Dawa niliiona jalalani: kopo la alumini la sucré. (La bia pia linafaa, na mchungaji kuliokota si dhambi, ila lioshwe kwanza.) Kata juu na chini kwa mkasi, pasua ubavuni, linyooshe, kisha kata vipande vya upana wa vidole viwili. Kingo zake ni kali kama wembe, kwa hiyo zikunje kwa ndani na watoto wakae mbali. Weka kipande juu ya gazeti lililokunjwa mara kadhaa, upande wa rangi ukiwa chini, uandike kwa biki ukikandamiza kwa nguvu. Hata biki iliyokwisha wino inafaa, maana wino hauna kazi hapa. Jina linabaki kama mfereji katika bati, na jua halina cha kufuta. Ayubu alipotamani maneno yake yaandikwe kwa kalamu ya chuma, nadhani alijua jambo hili.

Alumini haioti kutu kama chuma, kwa sababu hewa huifunika mara moja kwa ngozi nyembamba inayoilinda. Kopo la nyanya au la maziwa si mamoja nalo: ni chuma kilichopakwa bati, na mahali ulipokata ndipo kutu inapoanzia.

Sisi wa Lualaba tutauliza: na shaba je? Shaba ni bora kuliko zote. Inageuka kahawia, baadaye kijani, lakini hailiki upesi, na moto wa nyasi wa mwezi wa nane, unaoteketeza mbao na kukunja alumini, unaiacha. Lakini usinunue kipande cha kebo kwa mtu asiyeweza kusema amekitoa wapi. Kibao cha bustani ya kanisa kisitoke kwenye nguzo ya umeme ya jirani.

Tena, usifunge kibao cha alumini kwa waya wa shaba. Nilifanya hivyo kwa kuwa waya ulikuwepo. Metali hizo mbili zikigusana katika maji ya mvua, alumini ndiyo inayoliwa. Tundu lilipanuka kidogo kidogo, kibao kikaanguka. Alumini kwa waya wa alumini, shaba kwa shaba.

Kwenye mti wa avoka au mwembe, acha kitanzi kipana, ukilegeze kila mwaka, kwa maana shina linanenepa na waya utalinyonga. Mihogo usiifunge, kwa kuwa itang'olewa. Simamisha fito la chuma mwanzoni mwa kila mstari, ukitundike kibao hapo. Sisi tunaandika jina, mwezi wa kupanda, na kwa michungu neno moja zaidi: LOWEKA. Asiyejua kusoma anaona tundu la pili tulilotoboa chini yake, na watoto wote wa shule ya Jumapili wameonyeshwa tundu hilo kwa kidole.

Watoto hupenda kinachong'aa, na vibao vitatu vimekwisha kuwa magurudumu ya magari yao. Kwa sababu hiyo mama wa shamba ana daftari lenye ramani ya mistari yote, iliyochorwa kwa penseli, ambayo haififii juani kama wino. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anapita nalo shambani, akihesabu.