Kupima Sukari ya Damu: Kidole, Mshipa au Ateri?

Wengi hujiuliza kwa nini hospitali yenye mashine ndogo za kupimia sukari bado inahitaji maabara. Tunaeleza hapa kwa kifupi.

Damu ya kidole
Mhudumu hutoboa pembeni mwa ncha ya kidole, huweka tone kwenye stripu, na jibu hupatikana baada ya sekunde chache. Njia hii inafaa wakati wa dharura na usiku. Hata hivyo, kidole chenye mabaki ya embe au soda huleta jibu la juu, kwa hiyo mikono ioshwe na kukaushwa kwanza. Mgonjwa ambaye presha imeshuka sana na mikono imekuwa ya baridi huweza kupata jibu lisilo sahihi.

Upungufu mkubwa wa damu nao hufanya mashine nyingi zionyeshe sukari nyingi kuliko iliyopo. Hatari hii huwakabili hasa watoto wenye malaria kali, ambao wanaweza kupungukiwa damu na sukari kwa pamoja. Katika malaria kali, Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari chini ya milimoli 2.2 kwa lita kuwa imeshuka mno. Mashine ikionyesha 3, huenda sukari halisi iko chini zaidi. Kwa hiyo mganga huangalia pia degedege na kupoteza fahamu, si namba peke yake.

Damu ya mshipa
Ikipimwa maabara, hutoa jibu la kuaminika zaidi, lakini huchukua muda. Chembe za damu huendelea kutumia sukari ndani ya chupa, nayo hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sampuli ipimwe mapema, na itumike chupa yenye floraidi. Isichukuliwe kwenye mkono wenye dripu ya glukosi.

Damu ya ateri
Hutumika kwa wagonjwa mahututi waliokwisha kuwekewa mrija kwenye ateri. Kwao ni sahihi kuliko kidole.

Ombi letu
Kamati na wafadhili mnapochangia mashine, tengeni pia fedha za stripu za aina hiyo hiyo, ambazo hazijapita muda, pamoja na chupa za maabara. Mashine bila stripu ni taa bila mafuta.