Kutoka Tambiko hadi Chombo cha Maua

Kwenye majumba ya makumbusho huonekana chombo cha bronzi chenye kiuno chembamba na mdomo uliopanuka kama tarumbeta, nacho kimeandikwa kuwa ni cha Japani, karne ya 19. Anayejua sanaa ya China huguna. Umbo hilo, linaloitwa gu, ni la utawala wa Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na lilitumika kwa pombe ya nafaka katika kuwatambikia mababu. Wakubwa walizikwa na vyombo kama hivyo: kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, lililofukuliwa Anyang mwaka 1976, lilikuwa na vyombo vya tambiko vya bronzi zaidi ya 200.

Fundi wa Japani alichukua umbo, akaacha tambiko. Pombe ikatoka, maua yakaingia.

Safari yenyewe ilipitia njia ndefu. Katika karne ya 12 kaizari Huizong wa Song, mpenzi mkubwa wa mambo ya kale, aliagiza vyombo vya kasri lake vichorwe na kuelezwa katika orodha iliyobeba zaidi ya vyombo 800. Mafundi wa China wakaanza kuiga umbo la kale kwa ajili ya mahekalu na vyumba vya wasomi, na ni huko huko China ambako gu ilianza kutiwa maua. Watawa wa Zen na wafanyabiashara wakavivusha vyombo hivyo hadi Japani, ambako chetezo, kinara cha mshumaa na chombo cha maua vilipangwa pamoja mbele ya sanamu ya Buddha. Vitabu vya picha vilivyochapwa upya enzi za Ming vikafuata. Kwa hiyo mafundi wengi wa Japani hawakuwahi kushika chombo cha Shang. Waliiga kilichokwisha kuigwa, au mchoro wa wino usio na uzito wala rangi.

Athari zake zinaonekana. Chukua uso wa taotie, yule mnyama mwenye macho ya kutokeza na pembe, asiye na taya la chini. Kwenye bronzi ya Shang, macho yake ndiyo yanayokupokea kabla hujaona kingine chochote. Kwenye chombo cha Japani mara nyingi uso huo umetulia, umekuwa nakshi, umezama katika mizunguko midogo midogo iliyochorwa kwa mkono usiotetemeka, na pembeni yake huenda pakawa na mawimbi ya bahari au joka ambalo Shang wasingelitambua. Wapo wakusanyaji wanaodharau mchanganyiko huo. Mimi naona hapo ndipo fundi anapoanza kusema lake.

Utengenezaji nao ni tofauti kabisa. Mafundi wa Shang walifinyanga kielelezo cha udongo, wakakizungushia kalibu ya udongo ya vipande vipande, kisha wakamimina shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati na risasi. Mapengo kati ya vipande huacha mistari, na zile mbavu zilizosimama kwenye kona za vyombo vyao husaidia kuificha. Mjapani aliyetaka nakshi nzito alichonga nta iliyochanganywa na utomvu wa misonobari, akaifunika kwa udongo na kuichoma. Nta ikatoka, bronzi ikaingia, wala hapakuwa na kiungo cha kuficha. Bado mbavu zile aliziweka, kwa sababu tu macho yalishazizoea.

Halafu kuna rangi, na hapa wengi hudanganyika. Chombo cha Shang kilipotoka kwa fundi kiling'aa karibu na dhahabu. Kijani tunachokisifu ni kutu ya karne nyingi ardhini. Kahawia nzito ya bronzi ya Japani, kinyume chake, ni kazi ya makusudi: chombo hupashwa moto, huchemshwa au kupakwa dawa zenye chumvi za shaba na siki, tena na tena, mpaka rangi ikubali.

Ufundi huo uliingia soko la dunia baada ya 1868. Watawala wa majimbo, waliokuwa wateja wakubwa, waliondolewa mwaka 1871, na mwaka 1876 kubeba panga kulipigwa marufuku, hivyo mafundi wengi wa chuma na shaba wakahitaji wanunuzi wapya. Maonyesho ya Vienna ya 1873 yaliwapatia. Takaoka, mji uliosubu metali tangu mwanzoni mwa karne ya 17, ulisafirisha vyombo vingi kwenda Ulaya. Henri Cernuschi, tajiri wa Paris aliyezuru Japani na China kati ya 1871 na 1873, alirudi na bronzi za nchi zote mbili kwa wingi, na nyumba yake ikawa jumba la makumbusho mwaka 1898.

Ukipata nafasi, omba kuona ndani na chini ya chombo. Bronzi ya Shang ikiwa na maandishi, mara nyingi hutaja ukoo, babu anayetambikiwa au mwenye chombo. Vyombo vingi vya Fu Hao vina jina lake mwenyewe. Chini ya chombo cha Japani, mara nyingi ndani ya mraba mdogo, utakuta muhuri wa fundi aliyekisubu.