Mali ya kubebeka: namna Bunia inavyowekeza vijijini

Mkazi wa Rwambuzi, mmoja wa mitaa ya Bunia, akipata dola 500 za kuwekeza kijijini kwao, hupiga hesabu mbili. Ya kwanza ni ya faida, kama ya mfanyabiashara yeyote. Ya pili ni ya miguu: ikilazimu kukimbia usiku, kitu hiki kitabebeka? Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayopanga uchumi wa vijiji vya Ituri, na anayeielewa hatashangaa kuona jimbo lenye dhahabu, kakao na ziwa la samaki likiwa na nyumba chache za kudumu nje ya miji.

Bunia ilifanywa makao makuu ya jimbo la Ituri mwaka 2015, jimbo la Orientale lilipogawanywa kuwa majimbo manne. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na Ziwa Albert liko takribani kilomita 30 upande wa mashariki. Kutoka hapo njia zinatawanyika kwenda teritwari tano, kila moja na biashara yake: dhahabu ya Djugu, kakao ya Irumu na Mambasa, kahawa ya Mahagi, masoko ya mpakani ya Aru. Familia nyingi za mjini zina mguu mmoja huko. Baba ana duka au kazi ya ofisi. Shamba na ng'ombe viko mikononi mwa ndugu. Vita vya 1999 hadi 2003, kisha mashambulizi yaliyoanza upya mwishoni mwa 2017, vimeleta wengine mjini bila hiari yao. Waliohama makwao jimboni wamezidi milioni moja.

Kitu cha kwanza kununuliwa ni pikipiki. Mwenye mali hubaki Bunia, motari, yaani dereva, huenda nayo vijijini na kumletea kiasi walichopatana. Gari linaponasa kwenye tope la msimu wa mvua, pikipiki hupita pembeni na abiria wawili, bidoni la mafuta na gunia la maharage. Ikisikika milio ya risasi mbele, hugeuza. Hata sola za vijijini zinafuata kanuni hiyo: wengi hununua paneli ndogo ya kuweka juani asubuhi na kuiingiza ndani jioni, ingawa paneli kubwa iliyofungwa paani ingeendesha friji ya dawa au mashine ya kunyolea.

Dhahabu inabebeka kuliko vyote. Iligunduliwa karibu na Kilo mwaka 1903, na kwa miaka zaidi ya mia moja Kilo-Moto limekuwa jina la dhahabu ya pembe hii ya Kongo. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, mwenye fedha huitwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni kubwa. Yeye hulisha kikosi cha wachimbaji kwa wiki au miezi, hulipia pampu ya kutoa maji na mbao za kushikilia shimo, kisha huchukua fungu lake mchanga unapooshwa. Shimo lisipotoa kitu, hasara ni yake, lakini deni la chakula mara nyingi hubaki shingoni mwa wachimbaji. Tola moja, yaani gramu 11.66, inaingia kwenye mfuko wa shati, na hiyo ndiyo sababu mojawapo dhahabu nyingi huvuka kwenda Uganda bila kuandikwa popote.

Kampuni kubwa zilijaribu njia nyingine. AngloGold Ashanti ilifanya utafiti Mongbwalu kwa miaka mingi, ikasimamisha mradi wake mwaka 2013 bei ya dhahabu ilipoanguka. Mwaka huohuo mgodi wa Kibali, katika jimbo jirani la Haut-Uele, ulianza kuzalisha, na wenye mgodi wakajijengea mitambo yao ya umeme wa maji. Mwekezaji wa aina hiyo anaweza kununua utulivu wake mwenyewe. Mwalimu wa Rwambuzi aliyeweka akiba kwenye likelemba, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, hawezi.

Kakao ndiyo inayovunja kanuni. Mti haubebeki. Unapandwa, unasubiriwa miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa, kisha unazaa kwa miongo. Hata hivyo kusini mwa Irumu na Mambasa watu wamepanda kakao kwa bidii. Sababu moja ni kwamba ugonjwa wa kunyauka uliua kahawa ya robusta kaskazini mashariki mwa Kongo, na wakulima, wengi wakitoka upande wa Beni na Butembo, walitafuta zao la kushika nafasi yake. Sababu ya pili ilikuwa bei. Mavuno yalipokuwa mabaya Ivory Coast na Ghana, tani moja ya kakao ilipita dola 12,000 katika soko la New York mnamo Desemba 2024.

Bei kama hiyo huita wenye silaha pia. Hasara inayotokea hapo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana haionekani katika takwimu za wizi. Tunda la kakao hupasuliwa kwa panga, mbegu zenye ute mweupe hurundikwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Rundo linapata joto na kuchachuka kwa siku tano hadi saba, huku likigeuzwa. Baadaye mbegu huanikwa kwenye bashi, yaani turubai, kandokando ya barabara mpaka zikauke na kulia zinapovunjwa. Kazi hiyo ndiyo inayozaa harufu ya chokoleti, na ndiyo inayolipwa. Mkulima anayeogopa kulala shambani hawezi kukaa siku zote hizo akilinda rundo. Huvuna mapema, huuza mbegu mbichi siku ileile, na faida ya kuchachua na kukausha huenda kwa mnunuzi mwenye ghala mjini. Komanda, mahali barabara kuu ya RN27 inapokutana na RN4, ni njia panda ya biashara hii. Tarehe 27 Julai 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la ADF walishambulia waumini kanisani hapo na kuua watu zaidi ya 30. Baada ya siku kama hiyo, mavuno ya vijiji vya jirani huozea mtini.

Kisha kuna ardhi, na hapa ndipo mnunuzi wa mjini anapaswa kusimama na kufikiri. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya serikali. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Kuhusu ardhi ya vijiji, sheria hiyohiyo iliahidi amri ya rais ya kufafanua haki za wenyeji, nayo haikutoka. Hivyo kijiji kinashika mila, ofisi ya hati inashika karatasi, na mara nyingi viwili hivyo havijaonana. Mwaka huohuo wa 1973, Rais Mobutu alitaifisha mashamba ya wageni na kuwapa raia, na Ituri baadhi ya mashamba makubwa yaliangukia mikononi mwa wachache wenye elimu na uhusiano serikalini. Sheria ilikuwa na mlango mwingine wa hatari: hati iliyosajiliwa ikipita miaka miwili bila kupingwa, haipingiki tena. Kulikuwa na walionunua ardhi yenye watu, wakaficha karatasi miaka miwili, kisha wakaja na polisi. Mgogoro wa mashamba huko Djugu mwaka 1999 uliwasha vita vilivyoua makumi ya maelfu.

Kwa hiyo hati iliyopatikana kwa siri ndiyo biashara mbaya kuliko zote Ituri, hata ikiwa halali. Uchunguzi wa ardhi unaotakiwa na sheria kabla ya kutoa hati unapaswa kufanyika mbele ya shefu wa lokalite, majirani wa mipaka yote na vijana, maana vijana ndio watakaokuwepo miaka ishirini ijayo. Mgeni kutoka nje ya nchi ana kizuizi chake: sheria ya kilimo ya Desemba 2011 iliweka mashamba mikononi mwa Wakongo na kampuni ambazo Wakongo wana hisa nyingi. Kongo haiko peke yake katika hili. Indonesia, ambayo vijiji vyake vya mbali huwavutia wawekezaji wa Ulaya na Australia, tangu 1960 haimruhusu mgeni kumiliki ardhi kikamilifu.

Usafiri unakula faida iliyobaki. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na mwaka huo malori ya RN4 kati ya Komanda na Luna yalikwenda kwa misafara ya kusindikizwa na askari, ambayo nayo ilishambuliwa. Kila bariè ya barabarani, iwe ya serikali au ya kundi lenye silaha, huongeza bei ya chumvi na sabuni kijijini na kupunguza bei ya mahindi yanayotoka huko. Epulu, makao ya Hifadhi ya Okapi iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1996, ingeweza kulisha nyumba nyingi za wageni; tangu shambulio la Juni 2012 lililoua watu kadhaa na okapi wote wa kituo, biashara hiyo haijasimama. Ziwani hali ni nafuu kidogo. Boti za Kasenyi huvuka hadi Ntoroko, Uganda, na mvuvi wa samaki wa kapitene akiona hatari huondoka na chombo chake.

Aru inaonyesha upande wa pili. Teritwari hiyo imetulia kuliko Djugu, na katika soko la Ariwara, ambako shilingi ya Uganda inapokelewa kama fedha ya nyumbani, watu hujenga maduka ya matofali ya kuchoma na kufunga mashine za kusaga. Wafanyabiashara wa huko wana hofu na tamaa zilezile za wenzao wa Bunia. Tofauti ni kwamba wana barabara inayopitika na usiku wa kulala.

Fedha za barabara kama hiyo zimeahidiwa: katiba ya 2006 iliyapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa humo, yakatwe palepale. Haijawahi kutekelezwa hivyo. Indonesia, kinyume chake, tangu 2015 hupeleka fedha za bajeti ya taifa kwenye vijiji vyake takribani 75,000, na nyingi zimekwenda kwenye barabara ndogo na visima. Ituri ingepata hata sehemu ya haki yake ya kikatiba, kazi ya kwanza inajulikana na kila motari: njia za udongo kati ya mashamba na RN27.