Bwejuu: Hoteli ya Familia Hupimwa kwa Maji, Kitanda na Sahani

Saa nne asubuhi ya siku ya mwezi mpevu, bahari haipo mbele ya hoteli za Bwejuu. Imepwa kuelekea mwambani, na pale palipokuwa na kina cha kumzamisha mtu mzima saa kumi alfajiri sasa wameinama wanawake wa kijiji, kanga zimekazwa viunoni, wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Saa kumi jioni maji yatakuwa yamerudi hadi karibu na minazi. Familia iliyolipia siku tano, na watoto wake wawili na maboya yao ya kuogelea, itashuka ufukweni baada ya chai na kukuta mchanga. Mapokezi watawaambia wasubiri. Saa hizo sita za kusubiri ndizo zinazoonyesha kama hoteli ilijengwa kwa kuwafikiria watoto, au ilijengwa kwa ajili ya bibi na bwana harusi walio fungate.

Jambo hili lina uzito wa fedha. Zanzibar ilipokea wageni 538,264 mwaka 2019, ikashuka hadi 260,644 korona ilipofunga anga mwaka 2020, kisha ikapanda: 638,498 mwaka 2023 na 736,755 mwaka 2024. Vitanda vimeongezeka pamoja na wageni, na pwani ya kusini mashariki, kuanzia Jambiani na Paje, kupita Bwejuu na Dongwe hadi ncha ya Michamvi, imejaa hoteli na nyumba za wageni za kila kimo. Lakini sehemu kubwa ya vyumba hivyo ina kitanda kimoja kikubwa, chandarua kilichofungwa kwa mapambo na maua ya waridi juu ya shuka. Wapangaji wawili. Mteja mwenye watoto watatu anapopiga simu, hesabu nzima ya hoteli inavurugika.

Kwingineko duniani biashara ya familia ilijulikana mapema kuwa ipo kitandani. Walt Disney alipofungua bustani yake ya michezo California mwaka 1955, fedha zilikuwa zimekwisha. Hoteli ya jirani iliyobeba jina la Disneyland ikajengwa na mfanyabiashara mwingine, Jack Wrather, na kampuni ya Disney haikuimiliki mpaka mwaka 1988. Bustani ilivuta watu, mwenye vitanda akavuna. Kosa hilo halikurudiwa Florida: mwaka 1971 bustani na hoteli za kampuni yenyewe zilifunguliwa pamoja. Hapa Tanzania, mtu wa Dar es Salaam anaijua biashara ya aina hiyo kule Kunduchi, ambako mabwawa na mabomba ya kuteleza ya Wet 'n' Wild yapo ubavuni mwa hoteli ya ufukweni.

Unguja haina bustani ya ukubwa huo. Mjini kuna pembea na michezo ya Kariakoo, kuna sehemu ya watoto Forodhani, na basi. Bwejuu kiwanja cha michezo ni wangwa wenyewe: hauna geti, hauna tiketi, na saa zake za kufunguliwa zinapangwa na mwezi. Kila hoteli iliyo kwenye mstari ule wa mchanga inauza bahari ileile. Tofauti ipo katika vitu ambavyo picha za matangazo hazivionyeshi.

Cha kwanza ni maji, na mteja anaweza kujua habari zake hata kabla ya kupiga simu. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Tofauti ya kimo hufika karibu mita nne, na mtu anaweza kutembea hata kilomita nzima kuelekea mwambani. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo yanageuka: maji huwa yamejaa asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Familia yenye watoto wanaotaka kuogelea asubuhi na kulala mchana ipange safari izunguke maji mafu. Yenye watoto wakubwa wanaopenda kuokota kombe, kutazama viti vya pweza na kuona mwani unavyolimwa ichague bamvua. Kalenda ya mwezi haina bei, nayo inaweza kuokoa likizo kuliko nyota tano zilizobandikwa mlangoni.

Hoteli nzuri ya familia hubandika ratiba ya maji mapokezi, ina viatu vya raba vya kuazima kwa ajili ya miiba na mawe ya mwambani, na ina mtu wa kijijini anayejua njia za kutembea bila kukanyaga kamba za mwani. Hili la mwani lisichukuliwe kama pambo. Kilimo hicho kilianza kibiashara pwani hii mwaka 1989, wengi wa wakulima wake ni wanawake, na mashamba yao hayana uzio. Mtoto anayekimbia juu ya kamba anakanyaga mshahara wa mtu. Mwenye hoteli asiyelisema hilo kwa wageni wake anajenga ugomvi na majirani ambao samaki wao, kuku wao na vijana wao ndio wanaoiendesha hoteli yake.

Halafu kuna bwawa. Kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka minne, bwawa ndilo bahari ya saa za kupwa, na maswali ya kuuliza ni mepesi: lina sehemu ya kina kifupi iliyotengwa? Lina kivuli? Nani analilinda? Lakini bwawa lina gharama ambayo haipo kwenye ankara. Pwani hii hutegemea maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji baridi ni machache. Utafiti uliochapishwa na shirika la Uingereza la Tourism Concern mwaka 2012, uliogusa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulikuta kaya ya kijijini ikitumia wastani wa lita 93 kwa siku, huku chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kikitumia lita 3,195. Jambiani ni jirani wa Bwejuu. Familia inayouliza hoteli inapata wapi maji yake inauliza jambo la haki kabisa, na inafaa liulizwe mara nyingi zaidi.

Umeme nao una historia. Kisiwa kilikaa gizani kwa wiki kadhaa mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Hali ni bora sana leo, ila jenereta bado ni swali la lazima kwa mwenye maziwa ya mtoto ndani ya friji.

Sasa kitanda. Dongwe, kaskazini kidogo ya kijiji, inaonyesha jinsi kundi moja la hoteli linavyoweza kugawa wateja. The Zanzibar Collection ina Breezes na Baraza, ambazo hupokea familia. Majumba ya Baraza yapo ya chumba kimoja na ya vyumba viwili, kila moja na kibwawa chake. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta, The Palms, imetengwa kwa watu wazima. Wenye hoteli wamefanya uamuzi wa kibiashara unaoeleweka: utulivu ni bidhaa, na kelele za watoto ni bidhaa nyingine, na kila moja ina bei yake. Tatizo huwapata wageni wanaoagiza kwa picha. Sharti la umri huandikwa kwa herufi ndogo, na mzazi aliyelipa amana hugundua amechelewa.

Bei nyingi za pwani hutangazwa kwa mtu mmoja, kwa masharti kwamba chumba kinalaliwa na watu wawili. Kwa mfano wa hesabu tu: hoteli ikitaja dola 80 kwa mtu pamoja na chakula cha asubuhi na cha usiku, baba na mama wanalipa 160. Watoto wawili wakitozwa nusu ni 80 nyingine, jumla 240 kwa usiku. Lakini je, wanalala chumba kilekile kwa vitanda vya ziada, au wanalazimishwa chumba cha pili, ambamo mtoto mmoja atahesabiwa kama mtu mzima? Umri wa nusu bei unaishia miaka 11, 12 au 15? Tofauti ya majibu ya maswali haya mawili kwa usiku sita inaweza kuzidi nauli ya familia nzima kutoka Dar es Salaam. Ndiyo maana nyumba za kupanga zenye jiko, na nyumba za wageni ndogo za kijijini kama Mustapha's Place na Evergreen, zimebaki sokoni mbele ya majirani wakubwa. Mwenye nyumba yuko pale pale, na bei ya godoro la ziada hupatanwa kwa maneno.

Sahani ndiyo inayofuata, na hapo ndipo familia nyingi hupoteza hesabu. Bwejuu ni kijiji, si mji. Ukitoka getini usiku hukuti mtaa wa mikahawa kama wa Paje, na teksi ya kwenda na kurudi kwa sahani ya chipsi za watoto hula faida yote ya chumba cha bei nafuu. Kwa familia yenye watoto wadogo, chakula cha asubuhi na cha usiku hotelini, mchana ukaachwa huru, ndio mpango unaokwenda vizuri zaidi na saa za maji. Mpango wa kila kitu ndani huwafaa wenye vijana wanaokula kila saa mbili. Ubaya wake ni kwamba mgeni hana sababu ya kutoka, na shilingi haivuki ukuta kwenda kwa muuza madafu au mama wa samaki. Kwa familia za Kiislamu kuna maswali mengine ambayo hoteli za pwani bado zinayajibu kwa kusitasita: jiko, pombe kando ya bwawa, na saa ambazo wanawake wanaweza kuogelea kwa stara. Soko hilo liko karibu sana, Dar es Salaam, Mombasa, Muscat, na hoteli itakayolijibu waziwazi kwenye tangazo lake itapata wateja wa kurudi kila mwaka.

Juu ya bei ya chumba kuna nyongeza za serikali. Tangu Oktoba 2024 mgeni asiye Mtanzania hulazimika kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar: dola 44 kwa mtu mzima, 22 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 17, na aliye chini ya miaka mitatu halipi. Familia ya kigeni ya watu wanne, yenye watoto wa umri huo, inatoa dola 132 kabla ya kushusha begi. Kwa wenyeji habari ni tofauti. Kanuni za Machi 2025 zilikataza bei za ndani kunukuliwa kwa fedha za kigeni, na mteja Mtanzania ana haki ya kuulizia bei kwa shilingi na kuulizia bei ya mkaazi, ambayo hoteli nyingi zinayo ila haziitaji mpaka ziulizwe.

Safari ya kutoka Mji Mkongwe ni kiasi cha saa moja na nusu kwa gari, barabara ya lami kupitia Tunguu, Jozani na Paje. Daladala namba 324 hufika Bwejuu kwa bei ndogo, lakini kwa familia yenye mizigo ni mtihani. Hospitali ya Makunduchi iko upande huohuo wa kisiwa. Kubwa zaidi, Mnazi Mmoja, iko mjini. Hoteli isiyo na gari la dharura usiku isijiite ya familia.

Mshindani mkubwa wa Bwejuu yuko kaskazini. Nungwi na Kendwa bahari haikimbii mbali, mtoto anaogelea saa yoyote, na mawakala wa safari hawachoki kulisema hilo. Jibu la kusini mashariki ni kwamba siku ya mtoto haijai kwa kuogelea pekee. Kima punju wa msitu wa Jozani, wanyama wasiopatikana kokote duniani isipokuwa Zanzibar, wapo njiani. Kituo cha vipepeo cha Pete kipo karibu na lango la msitu huo. Na Pingwe kuna mkahawa wa The Rock, unaofikiwa kwa miguu maji yakipwa na kwa mashua yakijaa. Mwamba wa nje nao huvunja mawimbi, kwa hiyo hata maji yakijaa wangwa wa Bwejuu ni mpole kwa mtoto mdogo, na tiara za kuteleza majini za Paje, zenye kamba kali, hazijazagaa hapa kwa wingi ule.

Kinachobaki ni tarehe, na hapo wenye hoteli wameshika mpini. Desemba na mwanzo wa Januari bei huwa juu kuliko wakati wote, na ndio wakati watoto wa Tanzania na Kenya wanapokuwa nyumbani. Likizo ya Juni ya shule za Tanzania hukuta bei za wastani na upepo wa kusi, unaotupa majani ya bahari ufukweni. Likizo ya Aprili ya Kenya huangukia katikati ya masika: baadhi ya hoteli hufunga kwa ukarabati, na zilizo wazi hukubali punguzo ambalo Desemba wangelicheka. Mvua za masika mara nyingi hunyesha kwa nguvu kisha jua likatoka, na familia isiyoogopa matope inaweza kupata chumba cha vyumba viwili kwa bei ya kimoja. Iulize kwanza kama jiko linapika na bwawa lina maji, kwa sababu mwezi huo ndio mafundi hupewa funguo.