Gavana Wetu Anachaguliwa na Nani?

Pale Base Camp, katika makazi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, penye vibanda vya kuchajia simu, ubishi wa siasa za nyumbani Kongo hauishi. Huyu anasema chama chake kimechukua Katanga, yule anamuuliza: wewe ulipiga kura lini? Hapo mwenye swali ndiye anayejua mambo.

Kwa Katiba ya Kongo ya 2006, mwananchi hampigii gavana kura. Anachagua wabunge wa jimbo, na hao ndio wanaomchagua gavana na naibu wake kwa miaka mitano, kisha Rais anawathibitisha. Wakenya wamekuwa wakiwapigia kura magavana wao 47 wenyewe tangu 2013. Hata wenyeji wetu wa Isingiro humchagua mwenyekiti wao wa wilaya, LC5, moja kwa moja. Sisi wakimbizi tunaishia kwenye RWC, kamati zetu za wakimbizi.

Kura ikiwa mikononi mwa watu makumi tu, inanunulika. Mwaka 2007 wapinzani walikuwa wengi katika baraza la wabunge wa jimbo la Kinshasa, lakini ugavana ukaenda kwa André Kimbuta wa PPRD, chama cha Kabila, Rais wa wakati huo. Katika jimbo la Bas-Congo mambo yakawa hayohayo. Tuhuma za hongo zikazagaa, wafuasi wa Bundu dia Kongo, kundi la kidini na kisiasa la huko, wakaandamana, na watu wasiopungua 100 wakauawa.

Aprili 2019 kambi ya Kabila, FCC, ilizoa majimbo mengi. UDPS ya Rais Tshisekedi ikaambulia Kasai-Oriental. Desemba 2020 Tshisekedi akavunja ndoa yake ya kisiasa na Kabila, na magavana wakaanza kuhamia Union sacrée, muungano mpya wa Tshisekedi, vyeo vyao mkononi. Jacques Kyabula wa Haut-Katanga aliingia 2019 kwa PPRD. 2024 akachaguliwa tena akiwa upande wa Tshisekedi. Alikwisha kuhama kabla mpiga kura hajaulizwa.

Kivu Kaskazini, kwao wengi wetu, hata hilo baraza halichagui. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, na Desemba 2023 Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa. Januari 2025 gavana, Jenerali Peter Cirimwami, aliuawa vitani. Tshisekedi akamteua Jenerali Evariste Somo. Waasi wa M23, walioiteka Goma, mji mkuu wa jimbo, mwezi huohuo, nao wakamweka Bahati Musanga. Jimbo likawa na magavana wawili, na hakuna hata mmoja aliyepigiwa kura.