Utangulizi: Ujuzi, Ari na Mkono wa Kiongozi

Kabla ya nadharia, mfikirie muuguzi wa zahanati katika kisiwa kimoja cha Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, tuseme Bumbire au Goziba, siku ya kliniki. Mizani ya watoto imening'inia, akina mama wamejaa barazani, na mwenzake wa zamu yuko likizo. Kwa nini leo anawahudumia wote kwa moyo, na mwezi ujao anafunga dirisha saa sita?

Mwaka 1964 mwanasaikolojia Victor Vroom alilijibu swali la namna hii kwa hesabu: utendaji ni uwezo ukizidishwa kwa ari. Kuzidisha si kujumlisha. Sifuri ya upande mmoja huimeza mia ya upande wa pili. Ndiyo maana muuguzi aliyerudi kutoka mafunzo Bukoba mjini, huku malimbikizo yake hayajalipwa na daraja halijapanda, anaweza asioneshe alichojifunza. Hakukisahau.

Frederick Herzberg, naye mwanasaikolojia, mwaka 1959, aliweka mshahara na mazingira ya kazi kando: vikikosekana vinaudhi, ila vikiwepo haviwashi ari. Hapo nasita. Kisiwani, nyumba ya mtumishi isiyovuja si kitu cha kando. Ni alama kwamba kuna aliyemkumbuka.

Na huyo anayekumbuka ndiye kiongozi. Mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, OPRAS, ulioanza katika serikali ya Tanzania mwaka 2004, ulimtaka msimamizi akae na mtumishi, wakubaliane malengo, wayapitie Desemba na kuyapima Juni. Wakikaa kweli, fomu inakuwa mazungumzo. Fomu ikiletwa mwishoni mwa Juni kwa neno moja tu, "saini hapa", mtumishi anajifunza kwamba kazi yake haionwi. Sasa upimaji umehamia kwenye kompyuta, kwenye mfumo wa PEPMIS, lakini kukaa pamoja hakujapata mbadala.

Uzito wa haya matatu, ujuzi, ari na kiongozi, ulionekana Machi 2023, mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipotangazwa Bukoba Vijijini. Watu sita walifariki, mhudumu wa afya akiwemo. Kuingia wodini siku zile kulihitaji kujua kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, kulihitaji moyo, na kulihitaji mkubwa wa kazi anayeaminika. Juni 2 mlipuko ukatangazwa kumalizika.

Ukija kufanya utafiti wako huku, usiishie kugawa hojaji kwa wakuu wa idara. Nenda zahanati siku ya kliniki, ukae mpaka mama wa mwisho aondoke.